Tiketi Mbili za Nkwali

Kila siku ya kazi, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, Mfanufikile Bhengu husimama kwenye lango la maegesho ya kituo cha Mdoni akiwa na koti la manjano, na kila dereva anayeingia humwambia maneno yaleyale: "Karibu, bosi. Gari liko salama. Safari njema." Akiwa mwanamke, bosi hugeuka mama. Magari ni mia na ishirini, kwa hiyo husema mara mia na ishirini. Wenye magari hushuka, hufunga milango, hukimbilia treni ya kwenda Durban, naye jioni wakirudi huwaambia, "Karibu tena, bosi." Maneno hayo hayapiti tena kichwani mwake. Hutoka yenyewe, huku macho yake yakiangalia bati la kituo, au yasiangalie kitu.

Watu wa Mdoni humsifu kwa upole wake. Wanasema mzee Bhengu hana neno na mtu, ukimgongea koni yake ya langoni anasema nzuri, ukimletea chai isiyo na sukari anasema nzuri. Wale waliofanya naye kazi kiwanda cha rangi, kabla hakijafungwa, wakisikia hivyo hucheka pembeni. Bhengu wanayemjua wao alikuwa mtu wa kelele, mtu wa kubishana mpira mpaka chakula kinapoa, mwepesi wa kuwaamrisha wenzake. Huo wanaouita upole ni ganzi tu, na ganzi hiyo ina tarehe yake.

Ijumaa moja ya Machi, miaka mitatu iliyopita, mwanawe wa pekee aliyeitwa Nkanyiso, kijana wa miaka ishirini na tatu aliyekuwa akiishi naye katika chumba cha kupanga pale Mdoni, alikuwa anawahi treni ya kwenda nyumbani Nkwali, kwa mama yake. Treni ilikuwa imesimama jukwaa la pili. Hakupita juu ya daraja la waenda kwa miguu. Aliruka chini akavuka reli, na treni nyingine ikawa inaingia. Walipompekua mfukoni walimkuta na tiketi ya Nkwali, haijatobolewa.

Alizikwa kwao, kilimani. Lakini kwetu kumzika mtu ni nusu ya kazi. Aliyekufa njiani bado amesimama palepale alipoangukia, mpaka aende mtu wa damu yake na tawi la mkunazi wa porini, ule tunaouita umphafa, aliweke chini mahali pale, amwite kwa jina na ukoo, kisha ambebe kwenye tawi hilo hadi nyumbani. Njia nzima anamweleza: sasa tunavuka mto, sasa tunapanda gari. Nauli yake inalipwa na kiti chake kinaachwa wazi. Na yule aliyebeba tawi hazungumzi na mtu mwingine yeyote aliye hai mpaka alifikishe. Akizungumza, marehemu anabaki pale.

Kaka yake Bhengu, mzee Mqapheli, ambaye nyonga zake haziruhusu safari lakini mdomo hauna tatizo, ndiye aliyeamua. "Mtoto alilipa kwenda nyumbani kwa treni," alisema siku ya mazishi. "Msimtie kwenye gari. Atakwenda kwa treni." Hakuna aliyebisha. Mwezi uliofuata yakaja yale mafuriko, daraja la reli likachukuliwa na maji, na treni zikakoma. Bhengu akangoja. Miaka miwili reli iliota majani. Kisha treni zikarudi, mpya, za buluu, zikiishia Mdoni. Wakasawazisha kiwanja kando ya kituo, wakaweka ubao mkubwa ACHA GARI, PANDA TRENI, wakatafuta mtu wa langoni, na Bhengu akaiomba kazi hiyo. Wapo waliosema amerukwa na akili, kuomba kazi hatua thelathini kutoka pale alipoangukia mwanawe. Yeye hakuona ajabu. Wala hakuona nafuu.

Baridi ya mwaka huu huduma ikasogezwa mbele mpaka Nkwali, nako wakaweka maegesho, na Jumamosi treni moja ikapangiwa kupanda na kushuka mara mbili. Sasa hakukuwa na cha kungoja. Bhengu alimwambia mkewe, MaZungu, kwamba mwisho wa mwezi angemleta mtoto. Mwisho wa mwezi ukapita. Akasema mwezi ujao. Miezi minne ikaenda hivyo, na kila Jumapili MaZungu alipopiga simu, Bhengu alikuwa na sababu mkononi.

Jumatano moja msimamizi wa kituo, Hlengiwe Shezi, alimwita ofisini akamwonyesha mchoro mezani.

"Baba, tunapanuka," alisema. "Watu ni wengi, magari yanaegeshwa mpaka barabarani. Tunatoka mia na ishirini, tunaingia mia tatu. Mashine zinakuja Jumatatu."

"Nzuri," alisema Bhengu.

"Lile jukwaa la pili la zamani na reli zake mbovu vinafukiwa. Lami juu."

"Nzuri." Akatoka mpaka mlangoni, akarudi. "Jumatatu hii?"

"Hii hii." Hlengiwe alimwangalia, akaweka kalamu chini. Alikuwa mgeni Mdoni, lakini habari za kituo hazifichiki kwa anayefanya kazi kituoni. "Bado hujamchukua, Ngcolosi?"

Alipoitwa kwa jina la heshima la ukoo wake Bhengu aliinamisha kichwa. "Bado."

"Basi njoo Jumamosi asubuhi. Nitakuwepo mimi mwenyewe. Jumapili huku juu hakuna treni, na Jumatatu saa moja tingatinga liko kazini. Hizo mashine haziniulizi mimi, Baba."

Jioni ile hakungoja Jumapili. Alimpigia mkewe.

"Jumamosi namleta," alisema.

"Ulisema hivyo mwezi wa sita," alijibu MaZungu. "Ukasema na wa saba."

"Jumatatu wanamwaga lami pale."

"Ahaa. Kwa hiyo lami ndiyo imekutuma." Bhengu alisikia kuku nyuma ya sauti ya mkewe. "Baba Nkanyiso, hivi kwa nini mtoto hakupita darajani?"

Alikuwa amemuuliza swali hilo mara nyingi, siku zote kwa sauti ileile, kama anayeuliza bei.

"Sijui," alisema Bhengu.

"Alikuwa mwoga wa reli tangu mdogo. Hata kuvuka na mimi alikuwa ananishika sketi."

"Sijui, MaZungu."

"Haya. Jumamosi nitakuwa kituoni."

Ijumaa akanunua tiketi mbili, maana siku yenyewe asingeweza kuzungumza na mtu wa dirishani. Mzee Mqapheli alimpigia usiku kumkumbusha kila kitu kana kwamba Bhengu ni mtoto wa shule. Usisalimie. Usiitikie. Usigeuke nyuma. "Hata akinisalimia mkubwa?" aliuliza Bhengu. "Hata akikusalimia mfalme na watu wake," alisema Mqapheli. "Mfalme atajua."

Jumamosi saa nne asubuhi alipita kwenye uzio, akaingia jukwaa la zamani. Majani yalifika magotini. Alivaa suti aliyoivaa siku ya mazishi. Alijua mahali penyewe bila kutafuta, kati ya reli, mkabala na nguzo ya tatu. Aliweka tawi chini akasema, "Nkanyiso, Ngcolosi, mwana wa Bhengu. Ni mimi baba yako. Tunakwenda nyumbani."

Watu husimulia kwamba hapo tawi huwa zito. Wengine husikia ubaridi, wengine mwili husisimka. Bhengu alingoja. Hakusikia kitu. Sauti aliyoitumia ilikuwa ile ya langoni, na aliligundua hilo bila hata kuona aibu. Aliinua tawi, mwiba ukamchoma kidole gumba, akaitazama damu kama ya mtu mwingine, kisha akaenda.

Getini pa tiketi alikuwepo mlinzi mmoja mtu mzima, mgeni kutoka Limpopo, ambako hawana desturi hii. Bhengu aliingiza tiketi ya kwanza akapitisha tawi, akaingiza ya pili akapita mwenyewe.

"Mzee, mbona umekata mbili?" aliuliza mlinzi. "Mwenzako yuko wapi? Mzee. Nasema na wewe."

Hlengiwe alitokea haraka. "Muache. Mwenzake ameshapita."

"Sijaona mtu akipita."

"Hukuona, ndiyo. Wewe vua kofia basi, halafu nitakueleza."

Bhengu alipanda behewa la tatu, akakaa kiti cha pili kutoka mlangoni na kuliweka tawi kiti cha dirishani. Treni ilikuwa imejaa, kama ilivyo Jumamosi, watu na mifuko yao ya unga. Bibi mmoja aliyevaa sare ya kanisa aliona tawi, akawasukuma wenzake kwa kiwiko. "Sogeeni, sogeeni, hao ni wawili." Mwanamume aliyekuwa anataka kukaa akajifanya anasoma tangazo ukutani. Mazungumzo yakashuka. Mtu akazima muziki wa simu.

"Nkanyiso, tumepanda," alisema Bhengu. "Treni inaondoka. Sasa tunapita daraja jipya, la zamani lilichukuliwa na maji baada yako." Kipaza sauti kikitaja kituo, naye hukitaja baada yake, kituo hadi kituo, kama mtu anayejifunza lugha. Alifanya kila kitu sawasawa. Kichwani mwake mlikuwa na kiwanja kitupu.

Kituo kimoja kabla ya Nkwali waliingia watu wachache, na miongoni mwao alikuwa Bwana Moodley, mwalimu mstaafu mwenye Toyota nyeupe, ambaye siku tatu kwa juma huacha gari Mdoni kwenda mjini kufundisha wajukuu wa watu hesabu. Alibanwa nyuma ya wanawake wenye mizigo, kwa hiyo aliona kichwa cha Bhengu, hakuona kiti cha dirishani.

"Bhengu! Na wewe unapanda treni, kumbe? Za leo?"

"Karibu, bosi," alisema Bhengu. "Gari liko salama. Safari njema."

Yalitoka yote matatu, mazima, kwa sauti ileile ya langoni. Bibi wa kanisa alifumba macho. Mtu nyuma akasema polepole, "Amesema."

"Nimefanya nini?" aliuliza Moodley akiwatazama watu. Mmoja akamwonyesha kwa kidevu. Moodley alizaliwa pwani hii hii, jirani zake ni watu wa desturi hiyo. Alipoliona tawi aliweka mkono mdomoni. "Bhengu, sikuona. Samahani sana, sikuona."

Bhengu alilitazama tawi. Majani yake yalikuwa yameanza kunyauka.

Nkwali ni kituo kipya chenye sakafu safi na kiwanja cha magari ambacho bado hakijajaa. MaZungu alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, blanketi begani kama desturi inavyotaka, mtungi wa pombe ya mtama miguuni. Alimwona mumewe akija ameshika tawi chini, kama mtu anayebeba ufagio, akajua.

"Nimesema," alisema Bhengu.

"Umesema nini?"

"Nimemuitikia mtu. Ndani ya treni."

"Mtu gani?"

"Mwenye Toyota nyeupe."

MaZungu alikaa kwenye ukingo wa saruji. Alicheka mara moja, cheko fupi lisilo na kitu ndani. "Miaka mitatu natafuta neno moja kwako," alisema, "na leo unampa mwenye Toyota."

Walimpigia Mqapheli, simu ikiwekwa sauti kubwa kwenye goti la MaZungu.

"Ulisemea wapi?" aliuliza mzee.

"Behewani. Kabla ya Nkwali."

"Basi yuko behewani."

"Treni imeshaondoka, kaka."

"Najua treni huondoka, Mfanufikile. Ndiyo kazi yake." Alipumua. "Leo inarudi?"

"Inarudi mara moja. Mdoni saa nane na nusu, huku saa tisa na dakika kumi. Baada ya hapo inalala karakana."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu wanatoa yoyote. Ziko tisa, zote za buluu, zote sawa."

"Basi unayo leo tu," alisema mzee. "Panda behewa lilelile, keti palepale, uanze naye upya. Ikikupita hii, mtoto atapelekwa mjini na kurudishwa kila siku, na hakuna hata mmoja wetu atakayejua amekaa treni ya ngapi. Afadhali hata ile lami, tungejua alipo."

Bwana Moodley alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo muda wote, kofia mkononi. Dada yake alikuwa amekuja kumpokea na gari, liko kiwanjani. Alisogea. "Mama, samahani. Mimi ndiye niliyemsemesha. Niruhusu nimpeleke Mdoni, atawahi."

MaZungu alimtazama juu hadi chini. "Mpeleke," alisema. "Lakini usimsalimie tena."

Njia nzima Moodley hakufungua mdomo. Bhengu alishika tawi tupu kati ya magoti. Aliangalia milima aliyokulia ikipita, akajaribu kuogopa. Alijua kwamba mtu mwingine angekuwa anatetemeka. Aliwaza kwamba ikiwa treni itampita, atasema nzuri, na wazo hilo ndilo lililomtisha kidogo.

Treni iliingia Mdoni kwa wakati. Hlengiwe, aliyekuwa ameshapigiwa simu, alimfungulia geti kabla hajalifikia. Behewa la tatu, kiti cha dirishani, alikuwa amekaa mama mmoja mnene na ndoo mbili za plastiki, anakula mkate wenye mchuzi wa maharage, ametulia kabisa.

"Samahani, mama," alisema Bhengu. "Umekaa mahali pa mtu."

"Viti havina majina, baba."

"Najua. Lakini umemkalia."

"Nimemkalia nani?"

"Mwanangu."

Mama yule aliangalia suti, akaangalia tawi. Alisimama na mkate wake mkononi, akapangusa makombo kitini kwa kiganja, mara mbili, taratibu. "Mniwie radhi," alisema, na hakuwa anamwambia Bhengu. Akachukua ndoo zake akaenda kusimama mlangoni.

Bhengu aliliweka tawi. Treni ikaondoka. Kipaza sauti kikataja kituo kinachofuata, na safari hii Bhengu hakukitaja.

"Nkanyiso, Ngcolosi," alisema. "Ni mimi tena. Asubuhi sikukuchukua vizuri. Nilikuwa nakusemesha kama nasemesha magari." Walipita daraja jipya, hakulitaja. "Kama uliamua kubaki humu sikulaumu. Hata mimi nisingemfuata mtu kama mimi."

Watu walikuwa wanasikia. Behewani hakuna pa kwenda. Kila mmoja alitafuta dirisha la kuangalia.

"Siku ile ulikuwa umeshaweka mguu kwenye ngazi ya daraja," alisema Bhengu. "Mimi nilikuwa nimechoka, nimebeba begi lako, na treni imeshapiga honi. Nikakuambia, achana na daraja, kimbia, ruka hapo. Ukaniangalia. Nikakuambia, kimbia, au wewe msichana? Ukaruka kwa sababu mimi nilisema. Hukutaka. Nilikuona hukutaka. Mama yako ananiuliza kila Jumapili kwa nini hukupita darajani, nami namwambia sijui. Nimesema sijui mpaka likawa kama lile la gari liko salama. Nilijua. Nilikuwa naogopa kukuleta nyumbani kwa sababu njiani ni lazima nizungumze na wewe, na sina kingine cha kukuambia ila hiki. Nimekuua kwa haraka zangu, mwanangu. Ndicho ninacho."

Ukosi wa shati ulikuwa umelowa. Aliugusa, akashangaa, kisha akaelewa ni nini, na kilichokuwa kimelala kifuani mwake tangu Machi ile kikaamka chote kwa pamoja. Aliinama juu ya tawi, miiba ikamchoma shavu, na safari hii iliuma. Mama wa ndoo alianza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini sana, na wengine wakaupokea, wasimwangalie, ili alie bila kusikika. Vituo vilipita.

Nkwali walimpisha. Alishuka amelishika tawi kwa mikono miwili.

"Tumefika, Nkanyiso. Hiki ni kituo kipya, hukukikuta. Pale ni magari ya watu. Na huyu aliyesimama ukutani ni mama yako."

MaZungu hakumsemesha mumewe, maana haruhusiwi. Alimwangalia uso uliovimba, damu ya miiba, suti iliyokunjamana. Bhengu angeweza kupita. Njia ya kilimani ilikuwa wazi mbele yake, na kilichobaki kidesturi kilikuwa kutembea tu. Alisimama mbele ya mkewe akaliinamia tawi.

"Nkanyiso," alisema, "niliyokuambia ndani ya treni nakuambia tena hapa, mama yako akisikia. Ulitaka kupita darajani. Mimi ndiye niliyekuambia uruke."

Nyuma yao milango ya magari ilifungwa, injini zikawaka, watu wakaenda makwao na mifuko yao. MaZungu hakusogea. Kisha alivua blanketi begani, akalizungushia tawi juujuu ili majani yasizidi kunyauka, na akalisemesha kwa sauti ileile ya kila Jumapili.

"Karibu, mwanangu. Umechelewa, lakini umekuja." Aliirekebisha ncha ya blanketi. "Mwambie baba yako nilimsikia. Siku ile ulikuwa unaongea na mimi kwa simu, na hukuikata. Nilimsikia akikuambia ukimbie. Nilisikia yote mpaka mwisho. Nilikuwa namuuliza ili aniambie yeye."

Akajitwisha mtungi wake, akatangulia kushika njia ya kilimani. Kila baada ya hatua chache alisimama, bila kugeuka, mpaka asikie viatu vya mumewe nyuma yake, ndipo akaendelea.